Siku Nilipobadilisha Oili ya Gia Boksi

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa dereva wa trekta la kijiji chetu cha ujamaa, kule Nyabusozi. Asubuhi tuliyotakiwa kupeleka mahindi ya wanajeshi Nyakanazi, niliamua kwanza nibadilishe oili ya gia boksi, nyumbani kwangu, mwenyewe. Sikuwahi kuifanya kazi hiyo, lakini nilikuwa na hamu kiasi kwamba hata chai sikunywa. Nikaingia uvunguni, nikafungua nati, oili nyeusi ikamwagikia kwenye karai. Nikatoka, nikaona kifuniko, nikamimina oili mpya yote huku naimba.

Watu walijaa kutuaga, na magunia yalikuwa tayari kwenye tela. Nilipowasha, moshi mzito ukatufunika. Nilipotia gia, chuma kikalia hadi watoto wakaziba masikio. Nikazima.

Mzee Bihanga, aliyewahi kuwa fundi wa malori Mwanza, akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Oili ya zamani uliitoa wapi?"

Nikamwonyesha gia boksi.

"Na mpya ukaitia wapi?"

Nikanyoosha kidole kwa kujiamini. Kilipofika kwenye injini, kijiji kizima kilikuwa kinakitazama, na mimi pia.