Madaktari walivyochora ramani ya uti wa mgongo wangu, na shangazi akawa ndiye anayejibu

Habari za muda huu wakuu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na shangazi yangu yumo humu jamvini kwa ID nisiyoijua, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi dishi, naishi Ngamiani. Mwaka juzi niliteleza juu ya bati nikaangukia mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya. Hakuna mtandao.

Nikaja kusikia kuna madaktari wanachora ramani ya mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo. Wanakubandika vidude mgongoni, wanapitisha umeme kidogo, wanaangalia msuli gani unashtuka. Wakipata njia iliyo hai, wanajua pa kupandikiza kifaa cha kuamsha miguu.

Wasipoipata, unarudi nyumbani na kiti chako cha magurudumu.

Akanisindikiza shangazi Mwanaidi wa Tongoni, aliyenilea. Huyu mama akija msibani kwenu, hata marehemu anapangiwa pa kulala.

Dokta, dada mmoja mpole, akampa shikamoo, akanilaza kifudifudi. "Kaka, niambie unasikia wapi."

"Anasikia!" shangazi akadakia. "Kidole gumba! Namjua huyu, akihisi kitu masikio yanamcheza."

"Mama, mashine sijaiwasha."

Ikawashwa.

Hapa? Hapana. Na hapa? Hapana.

Shangazi akaninong'oneza, "Sema ndiyo mwanangu, watatufukuza!"

Akaombwa akasubiri nje. Dokta akaniambia, "Ukinidanganya, nitaweka kifaa mahali pasipo na njia."

Nikaendelea na hapana zangu. Wakuu, kila moja ilinitoa jasho. Nilishaanza kuwaza nani atanunua ngazi yangu.

Mara nikasikia trei ya chuma ikianguka, na dokta akipiga kelele, "Huo! Huo!"

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeipiga teke. Mimi mwenye mguu sina habari!

Shangazi akaingia mbio akijua nimeanguka kitandani. Dokta akarudia, mguu ukaruka tena. Shangazi akarudi nyuma hadi ukutani.

"Audhubillahi! Nani anarusha teke humo ndani?"

Alipoeleweshwa, akapiga kigelegele wodi nzima ikaja kuuliza nani kajifungua. Mimi nililia pale pale kifudifudi, shuka likalowa.

Baadaye nikapandikizwa kifaa. Sijapona wakuu, tusidanganyane. Ila nikikiwasha, kwa mazoezi na fremu ya kushikilia, natoka kitandani hadi mlangoni kwa miguu yangu.

Nilichojifunza: dokta akiuliza, jibu unachosikia wewe, hata kama ni hapana. Hizo hapana ndizo zilizomwonyesha pa kwenda.

Shida sasa ni rimoti ya hicho kifaa. Anaishika shangazi. Wageni wakija ananisimamisha sebuleni wanione, na soda hanipi mpaka nigeuke.

Aliyewahi kupitia haya atiririke hapa. Na mwenye mbinu ya kumnyang'anya shangazi rimoti bila kupewa laana, karibu sana PM.