Zamu Yangu ya Kuosha Sufuria

Mwanamume wa kwetu Petta, upande wa Tororo, hakuosha sufuria. Nianze na hilo, maana vijana wa leo nikiwasimulia hucheka mahali pasipofaa. Kuchinja alichinja, nyama akaichoma mwenyewe tena akajisifu, lakini sufuria yenye ukoko ilikuwa ya mwanamke. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, na hata huko shuleni vyombo waliachiwa wasichana.

Basi, miaka ile baada ya uhuru, nikiwa nimeoa karibuni, kanisa letu lilikuwa na mkutano kila mwaka, pamba ikishauzwa. Watu wa Tororo na watu wa Busia, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, walikusanyika kwenye uwanja karibu na Mukuju wakapiga kambi siku nne. Mpaka wenyewe wakati ule haukuwa na maneno mengi. Askari akikufahamu alikuuliza habari za mama yako, ukapita. Kila mtu na mkewe walijenga kibanda chao. Chetu kilikuwa turubai la kufunikia pamba, tumelifunga kwenye miti minne, na mbele yake mafiga matatu. Ukisimama asubuhi ulihesabu moshi wa nyumba mia na zaidi, na kwenye kila moshi mwanamke mmoja ameinama.

Mke wangu alikuwa Msamia wa Busia, mimi Mpadhola. Yeye lugha yangu hakuijua, na mimi yake niliielewa kuliko nilivyoweza kuisema, kwa hiyo nyumbani tulipendana na kugombana kwa Kiswahili cha sokoni. Kwenye kugombana alinishinda.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikwenda mkutanoni, nikaimba sauti ya nne siku zote nne. Sauti nilikuwa nayo, Mungu ananijua, hata benchi lilitetemeka. Yeye akapika, akateka maji, akaosha. Mwaka wa pili, tunafunga mizigo, akasimama mlangoni.

"Nakuambia mapema. Mwaka jana nilitembea maili zote zile kwenda kusikiliza sufuria. Mhubiri sikumsikia neno moja. Safari hii mimi napika, wewe unaosha."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, mbele ya watu. Ukikataa, mkutano ukiisha narudi Busia na mama. Nimeshamwambia, naye amesema nafasi ipo."

Mama mkwe wangu naye alikuwa anakuja mkutanoni, na hapa lazima nieleze. Kwa desturi yao na yetu, mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akiniona njiani aliingia majanini. Mimi nikiona gomesi yake, gauni lile refu la mkanda, nilijificha nyuma ya nyumba, hata kama nyumba ni ya jirani na jirani ana mbwa. Muda wote wa ndoa nilikuwa naujua mgongo wake tu, na yeye nadhani wangu.

Nilikubali kwa mdomo. Siku ya kwanza tulikula ugali wa wimbi na kunde za karanga, nikasema nakwenda mazoezi ya kwaya kidogo, nitaosha nikirudi. Sikuosha. Siku ya pili alipika kwa sufuria ya kuazima, nikala, nikaondoka tena. Jioni nikarudi nikakuta mafiga baridi na vyombo vimepangwa mlangoni, inzi wanaimba sauti zote nne.

"Chakula?"

"Sufuria chafu haipiki, bwana."

Nikalala na njaa. Lakini njaa haikuniuma kama furushi la nguo zake nililoliona pembeni, limefungwa tayari, na mkutano bado siku mbili. Nilimpenda yule mwanamke. Hilo sikuwahi kumwambia kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

Alfajiri ya siku ya tatu, wanaume hawajaamka, nikachukua leso yake, nikajifunika kichwa na mabega, nikabeba sufuria mpaka mtoni. Ukungu ulikuwa mzito. Nikachuchumaa kwenye mafunjo nikaanza kusugua kwa jivu na mchanga. Nikasikia miguu nyuma yangu.

"Afadhali wewe umeamka," sauti ikasema kwa Kisamia.

Leso ile mama mkwe wangu ndiye aliyemnunulia mwanawe. Alikuwa ameiona, akadhani amemwona binti yake, akaketi kando yangu. Kiwiko chake kiligusa changu. Niliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia maji.

"Huyo mtu wako bado amelala?"

"Mm," nikasema, kwa sauti nyembamba kadiri ya uwezo wangu.

"Nilijua. Baba yako naye ni mvivu, lakini angalau ana sura." Akanisukumia sufuria yake. "Nisugulie hii, mgongo wangu leo hauinami."

Nikasugua. Masizi ya sufuria ile yalikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Akanitazama mikono.

"Mwanangu, mikono imekuwa mikubwa hivi! Kazi ya huko itakuua. Sasa usinibishie tena. Kesho tunaondoka pamoja. Nakwenda kumwambia baba yako sasa hivi, atafute mtu wa kubeba mzigo wako."

Akaanza kuinuka. Ningenyamaza angeondoka bila kujua, heshima yake ingebaki na yangu ingebaki, na kesho yake ningerudi nyumbani peke yangu.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, macho kwenye maji, "usiende. Aliyeosha ni mimi."

Sijasikia tena kelele kama ile. Alijifunika uso kwa gomesi akakimbia, mgongo usioinama ukaruka ukingo mzima. Sufuria yake ikaniponyoka, ikaenda na maji.

Mpaka saa nne kambi nzima ilijua. "Dada wa sauti ya nne, mtoni kunaendaje?" wanaume waliniita. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika, "Umekaa na mama yangu!" kisha akacheka tena. Wazee wakasema jambo kama hilo huondolewa kwa kumpa mkwe kuku, nikapeleka kuku. Alasiri mama mkwe akaja, akakaa nyuma ya turubai letu, mimi upande wa mbele, mke wangu katikati.

"Mwambie mume wako, sufuria yangu aliisugua vizuri. Lakini iko wapi?"

"Mwambie mama imekwama kwenye mafunjo. Nitaitoa."

"Mmesikiana," mke wangu akasema. "Mimi si simu."

"Mwambie pia, yale niliyosema kuhusu sura yake..."

Nikasogeza sikio kwenye turubai.

"... niliyasema nikidhani hayupo."

Turubai lilitetemeka. Alikuwa anacheka. Mke wangu akamuuliza, taratibu, kama furushi lake libebwe au liachwe.

"Kaa na mumeo," sauti ikasema. "Anayejiaibisha hivyo mbele yangu, anakutaka. Ila akiacha kuosha, nafasi bado ipo."

Nikaingia majini mpaka kifuani kutafuta sufuria ya watu. Nilimsikia mhubiri kwa mbali, na nikajua mke wangu amekaa benchi la mbele.

Kesho yake tukashika njia ya Nagongera kurudi kwetu, mizigo tumegawana. Tulipokuwa tumebaki wawili tu njiani akauliza:

"Na nyumbani je?"

"Nyumbani mama yangu yupo," nikasema. "Ataniona nikiosha."

"Mama yako si mama mkwe wako. Hakuna desturi inayomkataza kukuona."

Tukapita mashamba ya muhogo, tukapita soko. Tulipofika, yeye aliweka mzigo chini akaenda kuwasha moto, na mimi nikauliza jivu linawekwa wapi.