Kwa Maua

Jina langu la kifupi sitalitaja hapa. Lile refu liko kwenye kitambulisho, na mjini watu waliniita Mama Fulani, kwa jina la binti yangu, au waliniita fundi tu. La kifupi, lenye silabi mbili, alinikatia mama yangu nilipokuwa mchanga. Mtu mwingine pekee niliyemruhusu kulitumia alikuwa mume wangu. Wengine wakilijaribu niliwakatiza hapo hapo.

Mume wangu aliendesha lori la viazi. Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, wakati kila mwenye nguvu alikuwa akinunua kitu kilichokuwa cha mzungu, na mzee mmoja wa Kieni alikuwa amenunua lori. Lilipakia viazi Endarasha, nilikozaliwa, likapita Nanyuki na Timau, likateremka Meru, kisha likarudi na ndizi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye veranda ya duka moja mjini Nyeri. Tulikuwa na chumba cha kupanga na binti mmoja. Kwa baba yangu, ndugu zangu walikuwa wameshaoa na wake zao wameshagawana jiko la mama. Nikirudi huko ningelala ghalani na magunia. Nasema haya mapema ili ujue kwamba sikuwa na pengine pa kwenda, na mwanamke asiye na pengine pa kwenda hunusa kila kitu.

Nilianza kunusa siku mwenye lori alipopita pale kwenye cherehani akiwa na haraka zake.

"Mama, usingoje mzee yako leo," akaniambia. "Amelala kwa Maua."

Kisha akaenda zake, mguu wangu ukabaki juu ya pedali.

Huku kwetu mlimani hilo neno "kwa" linasumbua. Utasikia mtu anashukia kwa fulani, kumbe fulani mwenyewe alikufa zamani na duka lake limekuwa kibanda cha kuku, ila mahali pamebaki na jina lake. Na sisi Wakikuyu tukianza kusema Kiswahili tunaipachika hiyo "kwa" hata pasipohitajika. Lakini pia kwa fulani ni kwa fulani: mlangoni kwake, mezani kwake, na Mungu anisamehe, kitandani kwake. Maua sikujua kama ni mahali. Mume wangu siku zote alisema anakwenda Meru, basi. Maua nilijua ni yale ya shambani, ambayo kwa Kikuyu tunayaita mahua, na nilijua ni jina la wanawake wa mtaa wa Majengo, wale Waislamu wa kanga na hina ambao udi wao hutangulia kuingia mlangoni. Mwanamke wa kwetu haitwi Maua.

Sasa sikiliza. Haikupita wiki, akaja mteja pale kwenye veranda na kitambaa begani. Mwanamke wa makamo, mweupe wa meno, mwanya mzuri, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Harufu ya udi ilinifikia kabla hajasema kitu. Nikamuuliza jina, maana vitambaa vya wateja nilikuwa naviandika kwa chaki.

"Naitwa Maua, wa Majengo," akasema.

Nikampima kifua, nikampima kiuno, na ile tepu niliivuta kuliko ilivyohitajika.

"Fundi, wanipima au wanifunga?" akauliza huku anacheka.

"Una mume?" nikamuuliza.

"Ninaye. Wako anafanya kazi gani?"

"Ni dereva wa lori."

"Aa, madereva," akasema, na akacheka tena. Niliharibu kola ya shati la mwalimu mmoja, nikaifumua, nikaiharibu tena.

Mume wangu aliporudi na ndizi zake nilimvua koti mwenyewe, eti nimpumzishe. Nikalipeleka nyuma ya pazia nikalinusa kuanzia shingoni hadi mifukoni. Lilinuka dizeli, udongo wa viazi na moshi. Udi sikuusikia, lakini moshi wa nani huo? Nikarudi nikamtengea chakula, nikakaa mbele yake namtazama anavyotafuna.

"Ulilala wapi?"

"Maua," akasema, bila hata kuinua macho kwenye sahani.

Hakuona aibu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, ningeukamata mkia, lakini mtu anapokwambia tu hivyo utamshikia wapi? Nikamwongezea mboga. Kesho yake akaniomba nimshonee dada yake wa Nanyuki gauni.

"Kama lile lako la buluu," akasema.

"Kipimo?"

Akanitazama, akapima hewani kwa mikono. "Kama wewe. Mfupi kidogo, na kiuno uongeze."

Wifi yangu sikuwa nimemwona tangu harusi, na niliona ameshanenepa huko Nanyuki. Roho yangu ikatulia kidogo. Mwanaume mwenye kile ambacho siku hizi mnaita mpango wa kando, nilijiambia, hana nafasi ya kumkumbuka dada yake. Nikalishona lile gauni kwa moyo wote. Nikaweka hata mfuko wangu wa siri ndani ya mshono wa ubavuni, ambao naweka kwenye magauni yangu mwenyewe tu. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kuna mfuko. Wateja siwawekei, maana unakula wakati.

Lakini yule wa Majengo alibaki. Nguo yake ilipokuwa tayari sikumngoja aje. Nikaifunga kwenye gazeti nikaipeleka mwenyewe, nione nyumba, nione viatu vya nani viko mlangoni. Nilikuta viatu vya mzee, vimekanyagwa kisigino, na mzee mwenyewe yuko uani anatengeneza stovu ya mafuta ya taa. Maua akanikaribisha ndani, akanipa chai ya tangawizi. Sikuinywa.

"Nataka uniambie," nikasema, "mume wangu analala hapa kufanya nini?"

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mzee akachungulia kutoka uani kuona kuna nini.

"Mwanangu," akasema akijifuta macho, "Maua ni mji. Uko Nyambene, mbele ya Meru, huko kwenye miraa. Huyu mzee wangu amekwenda mara nyingi. Na kuna Maua nyingine Moshi kwa Wachaga, mdogo wangu ameolewa karibu na hapo. Na shangazi yangu wa Mombasa ni Maua pia, sasa hata kuona haoni. Utatupiga sote?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikanywa ile chai ikiwa imepoa. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, maana mtu akishakuona umejiaibisha kiasi hicho, hakuna tena cha kufichana.

Mume wangu nilimweleza mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Alicheka sana. "Wewe nawe! Maua ni mji, mwanamke!" Akawaambia wenzake wote stendi ya malori, wakawa wakipita kwenye veranda wanapiga honi: "Fundi, tunaenda kwa Maua! Tukusalimie mwenzako?" Nami nikawa nacheka nao na kuwarushia vipande vya nguo.

Ungedhani yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani. Ila kuna kitu kilibaki kama uzi uliosahauliwa ndani ya shati, hauonekani lakini unakuwasha. Mume wangu alicheka haraka mno. Mtu akisingiziwa bure hukasirika kwanza, kicheko huja baadaye, na huyu alikwenda moja kwa moja kwenye kicheko. Nilimwambia basi nipeleke nikauone huo mji. Akasema barabara ni mbaya. Nilipomwambia tena, akasema mtoto atapata baridi pale Timau. Nikamwambia mtoto nitamwacha kwa rafiki yangu. Akasema lori si la kubebea wake za watu, mwenye lori atakasirika. Na wifi yangu wa Nanyuki hakutuma hata salamu za gauni. Hilo nililiita maringo, nikaliacha.

Kisha lori likavunjika springi huko huko Maua. Mwenye lori akapitia Nyeri na pikapu yake kutafuta springi nyingine, na mimi nikasimama mbele ya pikapu.

"Mzee, mimi nakuja na wewe," nikamwambia.

"Mama, utaenda kufanya nini huko?"

"Kumwona mume wangu. Ama kuna ubaya?"

Alikuna shingo, akatazama duka, akatazama barabara. "Hakuna ubaya," akasema. Lakini alikuwa amechukua muda kulisema.

Binti yangu nilimwacha kwa Maua, ndiyo, kwa Maua wa Majengo. Alimpokea mgongoni, akaniuliza jambo moja tu: "Unakwenda kuona mji au kuona mtu?" Nilimwambia nakwenda kuona mji. Akakaza kanga ya mtoto mgongoni.

Mwenye lori aliendesha mwenyewe. Tulipita mashamba ya ngano ya Timau, tukateremka Meru kwenye joto la migomba, kisha tukaanza kupanda tena kuelekea Nyambene. Nilikuwa nimevaa gauni langu la buluu. Kila nikimwuliza mzee kitu, alijibu juu ya springi.

Maua palikuwa mji kweli. Nilipoona maduka, soko, watu na mafungu yao ya miraa, nilisikia aibu ya zamani ikirudi, ile ya siku ya chai ya tangawizi. Ona, mji huu hapa, una mabati na matope na wenyewe. Niliona lile lori letu limeinuliwa kwa jeki kando ya barabara, na hakuna mtu chini yake. Mwenye lori akamwuliza mwanaume aliyekuwa amekaa karibu dereva yuko wapi.

"Dereva wa Nyeri?" akasema yule mtu. "Yuko kwa…" Na akataja jina langu.

Lile la kifupi. La mama yangu.

Nikamwomba aseme tena, akasema tena, na akanionyesha hoteli ya mabati yenye pazia mlangoni, na moshi unatoka. Sijui nikueleze vipi furaha iliyonipata. Nilikumbuka vile kwetu mahali huchukua jina la mtu, nikaona mambo yote yamejieleza. Mume wangu akikaa hapo anakunywa chai, anamtaja mkewe, anamtaja tena, mpaka madereva wenzake wakapaita mahali hapo kwa jina la mkewe. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nahangaika na jina la mji, kumbe huko mjini jina langu ndilo lilikuwa mahali! Nilimsamehe mambo ambayo hata hajafanya. Nikageuka nimwambie mwenye lori, lakini alikuwa ameshainama kwenye gurudumu.

"Wewe nenda tu, mama," akasema bila kunitazama. "Mimi wacha niangalie springi."

Nikaenda, nimejitengeneza kitambaa cha kichwa. Mlangoni alitoka mwanamke na kikombe mkononi. Alikuwa wa rika langu, uso wa upole, mfupi kidogo kuliko mimi, na kiuno kimeongezeka.

"Karibu, mama," akaniambia. "Umetoka mbali?"

Alikuwa amevaa gauni la buluu. Nilitazama kola, nikatazama marinda, na bado akili yangu ilikuwa inasema madukani Meru nguo za buluu ni nyingi. Kisha akaingiza mkono ubavuni, ndani ya mshono pale ambapo huwezi kujua kuna mfuko, akatoa leso akajifuta jasho.

Kutoka nyuma ya pazia, mume wangu akaita. Aliita jina langu kwa ile sauti anayotumia nyumbani akiwa amechoka na ameshiba, akasema, "Lete chai bwana, mbona unachelewa?"

"Naja," akaitika yule mwanamke.

"Naja," nikaitika na mimi, maana nimeitika jina hilo tangu nizaliwe.

Tukatazamana. Yeye akatazama gauni langu, kisha akatazama lake. Aliniuliza polepole, "Wewe unaitwa nani?" Nikamwambia.

"Hilo si jina langu," akasema. "Hilo alinipa yeye. Alisema ulimi wake umelizoea."

Nilielewa basi kwa nini miaka yote nilipotega sikio hakuna jina geni lililowahi kumponyoka, hata akiwa na homa, hata akiwa amelewa. Nilikuwa nimemsikia akiniita mimi, na nikafurahi.

Nilichukua kile kikombe mkononi mwake, hakunizuia. Nikasogeza pazia nikampelekea chai mimi. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, viatu amevua. Alinyoosha mkono kupokea kabla hajainua macho.

Sikulala ghalani. Maua wa Majengo alinipa chumba cha uani, mimi na binti yangu, na cherehani nikaiweka mlangoni kwake. Wateja walipouliza nimehamia wapi, waliambiwa fundi sasa yuko kwa Maua. Mama yangu alipokuja kunitazama aliniita kwa lile jina lake la silabi mbili, nikamwomba asiniite hivyo tena. Alinitazama kidogo, akakubali, na hakuuliza kwa nini.