Barafu ya Kitale, Maji ya Kuywa

Harufu ya majani ya mahindi yaliyopondwa haifanani na ya nyasi zilizofyekwa. Ina utamu ndani yake, kama muwa unaotafunwa karibu na uso wako, halafu baada ya muda huingia ukali fulani unaokaa kooni. Nikiipata popote, hata nikiwa napita tu kando ya shamba la mtu ambalo ng'ombe wameliingia, mwili wangu hufurahi kabla akili haijafika. Akili ikifika, naona aibu. Hiyo ndiyo harufu ya siku niliyocheza kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu, na ndiyo harufu ya siku ambayo kaka yangu Simiyu alipoteza nafasi ya kwenda sekondari. Nimejaribu mara nyingi kuzitenganisha siku hizo mbili. Ni siku moja.

Kwetu ni nje kidogo ya mji wa Kitale, mahali ambapo asubuhi za Julai na Agosti mtu hutoa moshi mdomoni akisalimia. Nyumba yetu iko juu ya mteremko wa nyasi. Chini ya mteremko kulikuwa na shamba kubwa la mahindi, na nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mstari wa mikaratusi, shamba jingine dogo. Baba alikuwa na desturi aliyoipata kwa baba yake. Siku ya kupanda alitusimamisha sote ukingoni akaliita kila shamba kwa jina la mtu: haya ni mahindi ya huyu, yale ni mahindi ya yule. Kitakachotoka humo ni cha shughuli ya mtu huyo mwaka unaofuata, na jina likishatajwa mbele ya mbegu halibadilishwi mpaka mavuno. Mwaka huo Simiyu alikuwa darasa la nane, kwa hiyo shamba kubwa la chini likawa mahindi ya Simiyu, ya kumpeleka sekondari ya bweni. La nyuma ya mikaratusi likawa mahindi ya Nekesa, ndiye mimi. Nilikuwa darasa la nne, na mama alitaka nihamie shule ya msingi ya binafsi mjini kwa sababu nilikuwa nasoma mpaka magazeti ya kufungia nyama.

Kabla ya Agosti hiyo, mchezo wetu mkubwa ulikuwa maji. Likizo ya Aprili tulipelekwa kwa kukhu, nyanya yetu mzaa baba, karibu na Bokoli upande wa Bungoma, ambako joto lilitupokea kama mlango wa jikoni unapofunguliwa. Mto Kuywa unapita chini ya shamba lake. Simiyu alikata migomba iliyokwisha kuzaa, akaifunga miwili miwili kwa kamba, nasi tukaipanda na kuacha mkondo utuchukue mpaka kwenye kona ya mawe ambapo wanawake walifulia nguo. Raha ya maji ni ya polepole. Unaingia ukiogopa, yanakupima kifundo, goti, kiuno, halafu kitu fulani mgongoni kinalegea na unagundua kwamba umebebwa. Simiyu alinifundisha kuelea kwa kuweka kiganja chini ya mgongo wangu huku akinisimulia habari ndefu za jogoo wa kukhu, ili nisijue lini amekiondoa.

"Umeniachilia?" nilimuuliza nikiwa natazama mawingu.

"Kitambo, bana. Si ni wewe tu unaongea."

Barafu, kwa upande wake, tuliijua kwa macho. Mjini Kitale kulikuwa na duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja wa Kisikh, na dirishani aliacha runinga ikiwaka kwa ajili ya wapita njia. Siku moja, baba akiwa kwenye foleni ya mbolea, tulikuta kwenye kioo hicho watu waliovaa nguo nene wakiteremka mlima mweupe, wengine wamesimama juu ya vibao, wengine wamelala juu ya vitu kama vigari visivyo na magurudumu. Hakuna aliyekuwa akiwasukuma. Mzee alipotoka mlangoni tulijua tunafukuzwa.

"Mnanunua ama mnaangalia?" akauliza.

"Tunaangalia," Simiyu akasema.

"Basi wewe mkubwa sogea kando, mdogo wako haoni."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Simiyu alinisumbua kwa swali moja: nikipewa nichague, maji ama barafu? Nilisema maji. Akasema mimi ni mwoga, ati ninapenda maji kwa sababu yanabeba mtu, lakini wale wa mlimani walikuwa wakienda kama watu waliosahau breki. Nilibishana naye mpaka mama akaniambia nikae nile, kwamba mimi hufikiria mpaka uji unapoa. Bado huniambia hivyo.

Mvua ya mawe ilikuja alasiri, wiki ambayo mahindi yalikuwa yameanza kushika punje. Kwanza yalikuwa mawe machache juu ya mabati, kama mtu anayerusha maharagwe kwa mzaha. Kisha hatukuweza kusikiana. Mama alifungua mlango akarusha jembe uani, kama watu wa kwetu wafanyavyo ili mvua ya mawe ikatike, na tulilitazama jembe lile likifunikwa mpaka ukabaki mpini tu. Ilipokatika, ilikatika ghafla. Baba alichukua koti lake akashuka shambani. Simiyu alitoka nje naye, nikadhani wamekwenda pamoja, lakini punde alirudi akiwa na gunia la mbolea, lile la plastiki, amelipasua ubavuni.

"Njoo," alisema. "Njoo haraka, itayeyuka."

Mteremko wote ulikuwa mweupe. Simiyu alikaa mbele, mimi nyuma nimemshika kiunoni, akajisukuma kwa visigino. Nimesoma miaka mingi tangu hapo na sijapata neno la kitu kile. Maji hukungoja uwe tayari, lakini barafu haikungoji. Tumbo langu lilibaki juu nyumbani, macho yakajaa machozi ya upepo, makalio yakaungua kwa baridi, na sauti iliyokuwa ikipiga kelele niligundua baadaye kwamba ni yangu. Tulianguka, tukapanda tena, tukateleza tena. Mawe tuliyoyala yalikuwa na ladha ya vumbi na ya bati. Kwenye maji hofu huja kwanza, na mtu hulipwa raha kwa kuivumilia. Kwenye barafu unachukua raha yote mwanzoni, na hofu inakungoja chini ya mteremko. Hilo nalisema sasa. Siku ile nilijua tu kwamba Simiyu alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimekosea kuchagua maji.

Chini ya mteremko alikuwa amesimama baba. Gunia lilitufikisha karibu na buti zake. Mkononi alikuwa na hindi bichi lenye ganda lililochanika, na nyuma yake mahindi ya Simiyu yalikuwa fimbo. Sina namna nyingine ya kulieleza. Hapakuwa na majani wala vichwa, ni fimbo zimesimama kwenye weupe, na harufu ile tamu ikipanda kutoka ardhini. Nilijaribu kuacha kucheka na sikuweza, kicheko kilikuwa kimeshika kasi yake chenyewe. Nilingoja kofi. Baba alimtazama Simiyu kwa muda mrefu, kisha akatazama juu ya mteremko.

"Imebaki kidogo," akasema. "Telezeni kabla haijaisha."

Akapita kando yetu akaenda nyuma ya nyumba. Na sisi tukateleza. Nimeligeuza jambo hili kichwani kila upande: kwamba nilikuwa mtoto, kwamba tulipewa ruhusa, kwamba Simiyu mwenyewe ndiye aliyenivuta mkono kupanda. Lakini lile hindi nilikuwa nimeliona. Nililiona, nikakaa tena kwenye gunia, na mteremko ule wa mwisho ulikuwa mtamu kushinda ya mwanzo.

Mvua ya mawe hupita kama mtu anayebeba ndoo inayomwagika, ikilowesha mstari mmoja na kuacha mwingine. Ng'ambo ya mikaratusi ilikuwa imegusa majani machache tu. Jioni tukiwa tunakula, baba alisafisha koo. Alisema yale ya nyuma yamepona. Akasema amefikiri, kwamba labda kwa mwaka huu tu, kwa kuwa Nekesa bado mdogo, yale mahindi ya Nekesa...

"Ya Nekesa ni ya Nekesa, baba," Simiyu alisema bila kuinua uso kutoka kwenye sahani. "Si ulitaja mwenyewe."

Baba hakumaliza. Mama alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mimi nilitazama mboga zangu. Hakuna aliyeniuliza, na sikusema.

Januari nilivaa sare mpya mjini Kitale. Simiyu alipelekwa kwa kukhu asubiri mwaka mmoja, shamba la chini lijitengeneze. Lakini vijana wa kule walikuwa wakichota mchanga Kuywa na kuuza kwa malori ya wajenzi, naye akaingia mtoni nao kwa muda, na mwaka wa kusubiri ukapita, na uliofuata. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi. Miaka mingi baadaye nilipojiunga na chuo kikuu upande huohuo wa Bungoma, wikendi nilikwenda kwa kukhu, na Simiyu alipanda kutoka mtoni na mchanga kwenye nyusi, akanipa mfuko wa unga, sukari na sabuni. "Beba, msomi," aliniambia. "Vitabu havinenepeshi mtu." Nilibeba. Nilihitimu. Sasa nimerudi Kitale, naomba kazi na kungoja majibu, na kila nikikataliwa nahisi kama niliyemnyima Simiyu kitu mara ya pili.

Agosti iliyopita mvua ya mawe ilipiga tena. Niliinuka kitini na kukimbilia mahindi hata kabla haijakatika, nikapigwa kichwani na mabegani. Yalikuwa yamepona. Niliporudi, watoto wa jirani walikuwa kwenye mteremko wetu juu ya karai kuukuu wakipiga kelele, na nilisimama pale nimelowa, nikiwa na hasira na watoto ambao hawajanikosea chochote. Kesho yake nilikwenda Bokoli.

Nilimkuta Simiyu mtoni amezama mpaka mapajani, koleo mkononi. Ana mabega ya baba sasa. Nilikaa kwenye jiwe nikamuuliza kama anakumbuka swali lake la zamani, na kama leo angechagua maji ama barafu.

"Hukutoka Kitale kuja kuniuliza hiyo," alisema. "Uliza ile nyingine."

Basi nikauliza. Kama baba angemaliza sentensi yake jioni ile, yeye Simiyu angeyakubali mahindi yangu au angeyakataa?

Simiyu alisimamisha koleo. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili. La kwanza, kwamba angekataa tu, nami ningerudi nyumbani mwepesi. La pili, kwamba amenikasirikia miaka yote hii, nami ningepata adhabu yangu na kumaliza.

"Ningechukua," alisema. "Nilikuwa nayataka mpaka tumbo linauma. Ndiyo maana nilimkatiza mapema, kabla hajaniuliza."

Kisha akaniambia nisilie, watu wa lori wataona, watadhani amenipiga. Nilivua viatu nikaingia majini nimfikie, sijui ili nifanye nini, labda nimshike mkono tu. Ilikuwa ile sehemu yetu ya migomba, ingawa kona ya mawe haipo tena na ukingo umeporomoka mpaka kwenye mahindi ya kukhu. Watoto wa pale hawaruhusiwi kuogelea siku hizi. Maji yalinipima kifundo, kisha goti.

"Hapo hapo, usisogee," Simiyu alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mbele yako ni shimo, linanizidi hata mimi."

Nilimuuliza kama ni mto uliolichimba.

"Ni mimi," alisema. "Ni mchanga wa ile miaka yako ya chuo."

Nilisimama pale, maji yakinipita magotini, na yeye upande wa pili wa shimo akainama akaendelea kuchota.