Magurudumu ya Bibi Kizee

Ardith Pruski aliolewa na mwanamume aliyelipwa mshahara kwa kuendesha magari vibaya. Lowell, mumewe, alimaliza ujana wake kwenye uwanja wa majaribio nje ya mji wa Flint, Marekani, akiyakatisha magari kona kwa kasi na kuyatumbukiza mashimoni ili wahandisi wajue springi na shokapu zao zinafaa au hazifai. Kwake yeye, gari laini lilikuwa kitanda chenye injini. Hata magari ya nyumbani aliyang'oa springi na kuyafunga ngumu, na Ardith akalea watoto wake huku kahawa ikimmwagikia mapajani kila asubuhi.

Kisha mgongo ukamgeuka. Alipasuliwa kabla ya baridi kuanza, daktari akasema amepona, lakini Lowell akagoma kupanda gari. Alidai hana pa kwenda. Uongo mtupu. Binti yao Corrine alikuwa amejifungua huko kaskazini, Marquette, mwendo wa karibu kutwa, na mzee alishinda akiitazama picha ya mjukuu kwenye simu. Alichoogopa ni yale maumivu, na kusema anaogopa hajui tangu azaliwe. Ardith alilia jikoni, akanawa uso, akampigia simu Duane.

Duane Tibbets aliuza magari yaliyotumika, na zamani alikuwa chini ya Lowell kazini. Alikuwa na magari matatu ya aina moja, yaliyofungwa springi tofauti. Ardith akamwambia mumewe kwamba Duane ameshindwa kuyapima, anatafuta mtu anayejua kazi. Mzee akachukua koti mwenyewe.

Watu wa huku wakijaribu gari hulipeleka barabara kuu, kwenye lami safi, kisha hurudi wakilisifu. Ardith hakutaka mchezo huo. Alishika usukani mwenyewe, akakata kushoto kuelekea barabara ya kwao, ambayo theluji ikiyeyuka mwezi wa tatu huwa mashimo matupu.

Gari la kwanza lilikuwa gumu. Kwenye kona lilishika barabara vizuri, na Lowell akalisifu huku jasho likimtoka na mkono umeng'ang'ania mlango. La pili lilikuwa laini kweli. Shimo lenyewe halikusikika, lakini wakishalipita gari liliendelea kunesa na kuyumba, na kila lilipoyumba mzee alijikaza mgongo, mpaka akaomba wasimame. Uso ulikuwa umempauka. Ardith alivunjika moyo, maana alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye hilo laini.

La tatu halikuwa na makuu. Springi za wastani, shokapu mpya, magurudumu madogo yenye tairi nene. Lowell alilizunguka akiguna.

"Haya ni magurudumu ya bibi kizee."

"Kwani anayeendesha ni nani? Panda, mzee."

Akapanda, na kulalama akaanza hapo hapo: usukani mzito, nyuma inachelewa kwenye kona, breki zinasita. Ardith aliendesha tu. Wakaingia kwenye mashimo, moja, jingine, na lile kubwa la mbele ya kanisa linalovunja rimu za watu. Gari lilishuka, likapanda, likatulia. Lawama nazo zikakoma.

Ukimya ule ulimtisha. Alijua mumewe akiumia husaga meno asiseme kitu.

"Lowell, mgongo vipi?"

Ardith akageuza shingo, roho mkononi. Mzee alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Lowell Pruski, ambaye hajawahi kufumba jicho gari likiwa mikononi mwa mtu mwingine, alikuwa akikoroma.

Ardith alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka, akacheka polepole asimwamshe. Mbele yao Duane alikuwa amesimama nje ya geti lake, akiwasubiri na funguo za gari lao walilomwachia mkononi. Ardith alimpungia mkono, akapita, akashika njia ya Marquette.