Mjerumani Aliyekuja Kupima

Nilikubali safari hii kwa sababu wakulima wa upande wa mto Ugalla walikuwa wamebakiwa na pamba ya msimu mzima, na Mjerumani mmoja mwenye kiwanda cha nguo alitaka kuiona kabla ya kuinunua. Aliitwa Henning, mzee wa miaka themanini hivi, na kiwanda alikianzisha mwenyewe. Mimi nilikuwa dereva na mkalimani wake, ingawa Kiswahili alijifundisha vitabuni na alijivunia kweli kweli.

Asubuhi tuliondoka Shanwe, mtaa wa Mpanda mjini. Baada ya kupita Misunkumilo, nje kidogo ya mji, tukaanza kula vumbi, na mzee akawa anakariri salamu zake chini chini.

Kabla ya adhuhuri tulifika. Wenyeji wetu ni familia zilizotoka Burundi zamani, leo ni Watanzania. Walitukalisha karibu na magunia. Henning akasimama, akatabasamu.

"Nimekuja kupima shamba lenu."

Akina mama wakawavuta watoto wao. Wanaume wawili wakalaza baiskeli mbele ya gari letu. Niliogopa, sifichi.

"Nyie mmetumwa na nani?" aliuliza Mama Anastazia, mwenyekiti wa kikundi. "Walikuja wengine kupima, tukaambiwa tutahamishwa. Pamba hatuuzi! Na hamtoki hapa mpaka mseme."

Nikaeleza kwamba alikusudia pamba: anapima urefu wa nyuzi zake, si ardhi.

"Aseme mwenyewe."

Mzee alikaa chini, akachomoa pamba kidogo guniani, akaivuta kwa vidole na kuilaza juu ya ukucha wa gumba ili urefu wa nyuzi uonekane. Kiswahili kilimkimbia, akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Alizaliwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikiisha. Ardhi yao ilipopewa nchi nyingine, mama yake alifukuzwa kwao na mtoto mgongoni, cherehani ameifunga kwenye blanketi. Wakapewa zizi la ng'ombe katika kijiji cha watu. Humo mama alishona, na humo baadaye yeye akaanzisha kiwanda.

"Mlirudi kwenu?" akauliza Mama Anastazia.

"Hapana."

"Wenyeji waliwaitaje?"

"Wakimbizi. Mpaka nikaoa."

"Sisi mpaka leo, sokoni." Mama Anastazia akaitazama ile pamba juu ya gumba. "Baba, usiseme kupima. Sema kuangalia. Haya, angalia." Akaagiza magunia yafunguliwe.

Jioni tulirudi Mpanda na sampuli, bei ikiwa imekubaliwa. Mimi mzaliwa wa hapa nilijiona nawajua majirani zangu. Kumbe sikujua hata neno linalowanyima usingizi.

"Mama yangu nilimjengea nyumba kubwa," alisema Henning njiani. "Hakupanda mti hata mmoja. Alisema watatuhamisha."