Siku Niliyosema "Tumegawa"

Asubuhi moja nilitoka Lubarika bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na shamba la baba lilinichosha. Nilipanda lori la makaa hadi Uvira, nikashukia mtaa wa Kasenga mbele ya duka lililojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mwenye duka, tuliyemwita Patron, alinitazama miguu kwanza.

"Weye, unatafuta nini?"

"Nataka kujua hii iko na nini ndani."

"Iko na vumbi. Shika brashi."

Nilipangusa vumbi mwaka mzima. Kisha Patron akanifundisha kuunganisha mashine za zamani, zile zilizotupwa na maofisi. Kebo zinaingia katika kisanduku kiitwacho swichi. Kila mashine inapewa jina na namba yake, na zote zinaandikwa katika kundi moja. Halafu unachagua dosie, yaani folda, na kuiruhusu ionekane kwenye mashine ya pili.

"Mashine nzee ni kama wazee," Patron alisema. "Kosea jina herufi moja, haiitiki."

Alipofariki, nilifanya kazi chini ya Chef, mkuu wa ufundi katika ofisi moja ya mjini, mtu asiyecheka. "Ruhusa ya kusoma tu," alinikumbusha kila wiki. "Ya kufuta, usimpe muntu." Baadaye nilijitegemea, nikitembea nyumba kwa nyumba na mfuko wa bisibisi hadi mvi zikanijaa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kwa mkuu wa shule mstaafu, Directeur. Mke wake alikuwa amezikwa karibuni. Nyimbo alizokuwa akiimba mama huyo zilirekodiwa kwenye kompyuta ya sebuleni, na hazikuwa na nakala popote. Magoti yalimuuma mzee, akataka kuzisikiliza chumbani kwake, kwenye mashine ya pili.

Zile mashine zilinikatalia tangu asubuhi. Mwishowe nilifungua ruhusa zote, hata ya kufuta, zikaonana. Nakala nilisema nitaifanya kesho. Dosie niliipa jina ambalo sisi mafundi hulitumia: PARTAGE, Kifaransa cha kugawa; kwetu kugawa ni kuifungulia mashine ya pili dosie. Mzee alikuwa tayari anasikiliza chumbani nilipowaaga wanawe wawili, Safari na Bahati, pale sebuleni.

"Vya mama tumeisha gawa," niliwaambia.

Katika nyumba ya msiba, kugawa ni urithi. Hakuna maana ya pili. Vijana wakasoma neno lile kwenye skrini, wakakaa, wakagawana nyimbo kwa heshima, mkubwa akichagua kwanza. Hawakunakili, walikata, kila mmoja akahamishia fungu lake kwenye flash yake. Safari akaondoka na yake kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake haijaita tena. Bahati naye usiku ule ule alimwazima rafiki yake flash yake aweke filamu, na rafiki akafuta kila kitu.

Asubuhi yake, kabla sijarudi kufanya nakala, mzee aliniita.

"Fundi, dosie iko tupu. Mama iko wapi?"

Haikuwa tupu kabisa. Faili moja ilibaki, ile aliyokuwa akiisikiliza saa ile ile, maana mashine haifuti faili iliyofunguliwa kwingine. Niliibonyeza. Mama alikohoa, akacheka kidogo, akasema, "Zima kwanza, sijaanza." Basi.

"Rudisha," mzee akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Vijana mnaosoma haya mtajifunza kebo na namba kuliko nilivyojua mimi. Lakini kabla hujaondoka kwenye nyumba ya watu, waulize wamesikia nini, si wewe umesema nini. Mimi sikuuliza.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza lililoelekea kusini, nikashuka kijiji cha ziwani nisichokijua jina. Mama mmoja alikuwa na chumba cha kupangisha. Alitandika mkeka, akauona mfuko wangu.

"Papa ni fundi? Simu yangu imejaa, nisaidie kufuta picha."

"Tafuta mwengine, mama," nikamwambia. "Miye sigusi tena vya watu."